Kazi ya sarakasi za angani: kutoka mkekani hadi kwenye mkataba

Sarakasi tuliyoizoea huku kwetu ni ya ardhini. Piramidi la watu, kupinduka mkekani, kuruka ndani ya hupu za moto, limbo, viti vilivyopangwa juu ya chupa. Tanzania ilikuwa na kikundi cha sarakasi cha taifa tangu 1969, baada ya vijana kupelekwa China kusomea. Nairobi, wageni waliokwenda Bomas of Kenya wameona wanasarakasi kwa miaka mingi, na ukiingia hoteli za Diani au Nungwi usiku wa burudani utawakuta vijana wakipandana mabegani mbele ya meza za chakula. Hata Ramadhani Brothers wa Tanzania, walioshinda America's Got Talent: Fantasy League mwaka 2024, kazi yao ni ya kubebana kichwa kwa kichwa. Mmoja wao siku zote yuko chini, miguu imekanyaga jukwaa.

Angani tuko wachache, na sababu si uoga wala ukosefu wa vipaji. Sababu ni paa. Mkeka unautandika popote, hata uwanjani nyuma ya shule, lakini kitambaa cha angani kinataka kitu cha kuning'inia, kilichofungwa na mtu anayejua anachofanya. Ndiyo maana nasema mwanasarakasi wa angani ana kazi mbili: ile ya kupanda, na ile ya kujua kinachombeba. Walimu wengi hufundisha ya kwanza tu. Mwongozo huu umeipa ya pili nafasi kubwa kuliko utakavyotarajia.

Hatua ya 1: Chagua kifaa kimoja

Usianze kwa kujaribu kila kitu. Kifaa utakachochagua ndicho kitakachoamua utafanya kazi wapi, utalipwa na nani, na mwili wako utaumia wapi.

Vitambaa ndivyo vinavyojulikana zaidi. Ni kitambaa kimoja kirefu cha naylon inayovutika kidogo. Hukunjwa katikati, hufungwa kwenye chuma cha umbo la nane, kisha huteremka kama mapande mawili. Kwa dari la mita 8 utahitaji mita 17 au 18. Kinaingia kwenye begi, unaweza kusafiri nacho kwenye basi, na mteja yeyote ameshakiona kwenye simu yake. Ubaya wake ni huo huo: kila mtu anafanya vitambaa. Na tafadhali, usinunue kitambaa cha kawaida Kariakoo au Eastleigh ukakifanyia majaribio kwa sababu kinafanana. Kile hakikutengenezwa kubeba mtu.

Hupu ya chuma, yenye kipenyo cha kama sentimita 90 hadi 100, inafaa kumbi zenye dari fupi. Mita 4 au 5 zinatosha, kwa hiyo harusi kubwa na sherehe za makampuni huipenda. Trapezi tuli, yaani fimbo moja na kamba mbili, ni shule nzuri kuliko zote kwa anayeanza, ingawa siku hizi waajiri huiulizia kidogo. Kamba moja nene ni ngumu na inachubua, na wanaoimudu hawahangaiki sana na ushindani.

Kisha kuna mikanda: mapande mawili membamba unayoyazungusha kwenye viganja, halafu mabega yafanye kazi yote. Maoni yangu, ambayo wengine watayapinga, ni kwamba kijana aliyetoka kwenye kikundi cha piramidi, mwenye mabega mazito na aliyezoea kusimama kwa mikono, asipoteze muda kwenye vitambaa. Aende moja kwa moja kwenye mikanda. Itamchukua miaka, lakini tayari ana nusu ya mtaji.

Trapezi ya kurukia ni habari nyingine kabisa. Ndiyo ile aliyoianzisha Jules Léotard jijini Paris, Novemba 1859, akichupa kutoka fimbo moja hadi nyingine. Inataka majukwaa yaliyoinuliwa mita kadhaa, wavu chini yake, warukaji, na mshikaji anayening'inia kwa magoti. Huwezi kuifanya peke yako. Miguel Vázquez alipopinduka mara nne hewani na kushikwa, huko Tucson, Marekani, mwaka 1982, aliyemshika alikuwa kaka yake Juan. Kazi hii mara nyingi ni ya familia zinazorithishana. Ukiitaka, utalazimika kuifuata ilipo.

Hatua ya 2: Tayarisha mwili kabla ya kupanda

Tafuta bomba la kuning'inia, kwenye gym ya mtaani au popote penye chuma imara. Kipimo ninachokitumia mimi kabla sijamruhusu mtu kupanda ni hiki: aning'inie dakika nzima mabega yakiwa yamevutwa chini, mbali na masikio, ajivute mara nane bila kurusha miguu, anyanyue miguu iliyonyooka hadi iguse bomba mara kumi, na ajigeuze kichwa chini polepole bila kujirusha.

Hilo la mwisho ndilo watu hulichukia. Wengi hujigeuza kwa kupiga teke hewani, na inaonekana sawa kabisa siku ya mazoezi. Lakini kwenye onyesho, ukiwa dakika ya tano, jasho mikononi, muziki umekutangulia, lile teke halipo tena. Anayetegemea nguvu ya tumbo atapanda. Aliyezoea kujirusha atabaki anatapatapa juu, na juu si mahali pa kutapatapa.

Mambo matatu madogo ambayo hupuuzwa:

Fanya kila kitu pande zote mbili, kulia na kushoto, hata kama upande mmoja unakuaibisha. Mwili uliojengwa upande mmoja huanza kupinda mgongo na bega moja huchakaa mapema.

Vaa nguo inayofunika nyuma ya magoti, kiuno na kwapa. Kitambaa kikiteleza juu ya ngozi kwa kasi kinaunguza kweli, kidonda kinachochukua wiki kupona. Pete, hereni, bangili na zipu vibaki kwenye begi.

Kila kitu kipya kinaanzia kimo cha kiuno. Ukikiweza hapo bila kufikiri, panda mita moja. Godoro nene la sentimita 30 liwepo daima, lakini usilipe sifa lisizostahili: linasaidia ukiteleza kutoka chini, halikuokoi ukianguka kutoka mita sita.

Hatua ya 3: Tafuta pa kujifunzia

Nairobi kuna Sarakasi Trust, iliyoanzishwa 2001, ambayo makao yake Ngara yalikuwa zamani sinema ya Shan. Dar es Salaam, Mzimbabwe Winston Ruddle alifungua shule ya sarakasi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na vijana waliopita mikononi mwake walizunguka Ulaya na maonyesho ya Mother Africa. Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa cha serikali. Jirani zetu Waethiopia wana Fekat Circus jijini Addis Ababa, na mji huo ndio ulioandaa tamasha la kwanza la sarakasi za Afrika mwaka 2015. Kusini kabisa, Cape Town, Zip Zap imekuwa ikifundisha vijana tangu 1992. Sehemu hizi nguvu yake zaidi ni ya ardhini, basi uliza kabla ya kwenda: mna pa kufunga? Dari ni la mita ngapi? Nani alilikagua?

Kwa mwenye uwezo wa kutafuta ufadhili, shule zinazotoa diploma au shahada ziko nje. École nationale de cirque ya Montréal, CNAC ya Châlons-en-Champagne Ufaransa, ESAC ya Brussels, Codarts ya Rotterdam, National Centre for Circus Arts ya London. Kuingia ni kwa mtihani wa mwili na wa jukwaa, na nyingi huchukua miaka mitatu. Kifaransa kitakusaidia kuliko unavyodhani. Mzungumzaji wa Kiswahili kutoka Bukavu au Bujumbura, anayekijua Kifaransa tangu shule ya msingi, ana upenyo ambao sisi wa Dar na Mombasa hatuna.

Na mwalimu wa kwenye video? Kwa mazoezi ya nguvu na kulegeza viungo, sawa. Kwa kujidondosha, yaani kujiachia ghafla kutoka juu ili kitambaa ulichojizungushia kikudake, hapana. Video haioni kwamba umezungusha kitambaa mara moja badala ya mara mbili.

Hatua ya 4: Jifunze kinachokubeba

Chukua karabina mkononi. Ni kile kipete cha chuma chenye mlango, kinachounganisha kifaa chako na kilicho juu. Fungua mlango, uachie: lazima ujifunge wenyewe hadi mwisho bila kusukumwa. Kaza kifungo chake, kisha ubane mlango kwa vidole uone kama unakataa kufunguka. Pitisha ukucha ndani, pale kamba inapokaa. Ukihisi mfereji umechimbika, hiyo karabina imemaliza kazi, iwe pambo la funguo. Sasa soma maandishi ubavuni. Utaona kitu kama 25 kN kwa urefu, na namba ndogo zaidi, kama 8, kwa upande na kwa mlango uliofunguka. kN moja ni kama uzito wa kilo 100. Yaani chuma kile kile, kikivutwa vibaya, kinapoteza theluthi mbili ya nguvu yake.

Hilo si jambo la vitabuni. Tarehe 4 Mei 2014, kwenye onyesho la kampuni ya sarakasi ya Ringling huko Providence, Marekani, wanawake wanane walikuwa wakining'inia kwa nywele zao kutoka fremu moja. Karabina moja ya juu ilivunjika, wakaanguka wote, na mchezaji mmoja aliyekuwa chini akaumia pamoja nao. Wakaguzi wa usalama kazini walikuta kwamba karabina ile ilikuwa imebebeshwa mzigo kinyume na maelekezo ya mtengenezaji: ilivutwa pande zaidi ya mbili, wakati imetengenezwa kuvutwa juu na chini tu. Kampuni ilitozwa faini ya dola 7,000. Wale wanawake walikuwa mahiri, na umahiri wao haukuhusika hata kidogo.

Nenda nyuma zaidi, Copenhagen, Februari 1931. Lillian Leitzel, aliyekuwa nyota mkubwa kuliko wote wa angani wakati wake, alianguka baada ya swiveli ya pete yake kukatika, akafa siku mbili baadaye. Swiveli ni kile kipande kinachokuwezesha kuzunguka bila kamba kujisokota. Leo ukaguzi wake unaanzia sikioni: izungushe karibu na sikio. Ikikwaruza kama ina mchanga, iondoe.

Hesabu ya mzigo ni rahisi, ila inashtua. Mtu wa kilo 60 akining'inia ametulia anavuta 0.6 kN. Mtu huyo huyo akijidondosha mita mbili na kusimama ghafla anaweza kuvuta mara tano ya uzito wake au zaidi, kutegemea kitambaa kinavyovutika. Kwa hiyo mafundi wa kufunga, ambao kwenye kazi hii huitwa mariga, hupenda kila kipande kiwe na uwezo wa mara kumi ya mzigo wa kawaida. Swali lako kwa mwenye ukumbi lisiwe "hapo panabeba kilo 60?" Liwe "mhandisi gani amesema panabeba tani moja inayovuta kwa kushtukiza, na karatasi yake iko wapi?"

Utapata majibu ya ajabu. Hoteli moja ya pwani ambayo siitaji, meneja alinionyesha mbao za paa la makuti kwa fahari.

"Kaka, usiwe na wasiwasi. Hapo tulining'iniza spika mbili kubwa mwaka mzima."

"Bosi, spika zako zimetulia. Mimi nitashuka ghafla."

"Sasa tufanyeje, na wageni tumeshawaambia?"

Tulifanya sarakasi za ardhini usiku ule, na malipo yakapunguzwa. Zoea kukataa. Kama sherehe nyingi unazoitiwa hazina paa la kuaminika, anza kuweka akiba ya fremu ya kusimama yenyewe, ile ya miguu mitatu au minne ya chuma, iliyotengenezwa na kiwanda kwa kazi hii na kuja na cheti. Ni ghali, kikundi kinaweza kuchangishana. Fundi wa kuchomelea wa mtaani ni hodari kwa mageti na madirisha, ila usimpe kazi hii.

Mambo mengine ya hatua hii, kwa haraka. Weka daftari la vifaa: kila kimoja kilinunuliwa lini, kimetumika wapi, kimekaguliwa lini. Kitambaa kipitishe chote kati ya vidole kabla ya kila onyesho, mita kwa mita, ukitafuta tundu na sehemu iliyoungua. Chumvi ya bahari hula chuma, basi vifaa vilivyofanya kazi ufukweni vifutwe na vikaushwe usiku ule ule. Na kabla ya kupanda uliza: nikikwama juu, nani ananiteremsha, na kwa kutumia kitu gani? Kama jibu ni "tutaleta ngazi", iombe hiyo ngazi uione.

Hatua ya 5: Tunga kipande chako

Kipande ni onyesho lako moja, tangu kupanda hadi kushuka. Muda wake wa kawaida ni dakika tano hadi saba. Inaonekana fupi mpaka ujaribu. Pima pumzi yako kwa kurudia kipande chote mara mbili mfululizo. Kama mara ya pili unaimaliza bila kuruka kitu, kipande kimekomaa.

Usikijaze mambo makubwa. Mtazamaji hukumbuka mambo mawili au matatu, na mengine yote ni njia ya kufika huko. Weka la kushtua karibu na mwisho, si mwisho kabisa, ili ushuke ukiwa na nguvu ya kutabasamu. Na hapa vijana wetu wana kitu ambacho shule za Ulaya huhangaika kukifundisha: mdundo. Mtu aliyekulia kwenye ngoma anajua kusimama nusu mpigo kabla ya kujiachia. Kitumie hicho. Lakini si lazima kila kipande kitoke na ngozi ya chui na rangi usoni. Promota akikuambia wageni wanataka "Afrika", muulize anamaanisha nini, kisha uamue mwenyewe.

Hatua ya 6: Rekodi video

Video ndiyo inayokuombea kazi. Kampuni kubwa kama Cirque du Soleil hupokea maombi kwa njia ya mtandao, na mtu wa ajira anaangalia mamia ya video. Rekodi kipande chote bila kukata, kamera imetulia, mwili wote uonekane kuanzia mkono hadi kidole cha mguu. Ukikatakata picha anaamini kwamba unaficha kitu. Baada ya hapo weka mazoezi ya msingi: kujivuta, kujigeuza kulia na kushoto, kusimama kwa mikono. Andika jina, kimo, uzito, kimo cha dari unachohitaji, lugha unazozungumza na tarehe ya kurekodi. Taa nzuri ni bora kuliko kamera ghali, na mwangaza wa saa kumi jioni ni bure.

Hatua ya 7: Jua kazi ziko wapi

Karibu na nyumbani kuna hoteli, harusi, uzinduzi wa bidhaa, na sherehe za makampuni Nairobi, Dar na Kigali. Malipo ni kwa usiku. Hazikufanyi tajiri, ila zinakufundisha kufanya kazi mbele ya watu wanaokula.

Ghuba ni soko la karibu. Dubai ina La Perle, ukumbi uliofunguliwa 2017 kwa onyesho la maji na angani, na Global Village inayofungua msimu wake wakati wa baridi na kuita vikundi kutoka kila upande. Ujerumani na nchi jirani zake zina kumbi za chakula na maonyesho zinazofanya kazi zaidi kuelekea Krismasi. Marekani kuna UniverSoul Circus ya Atlanta, iliyoanzishwa 1994 na Cedric Walker, ambayo imezoea kuajiri wasanii kutoka Afrika. Meli za kitalii huajiri miezi sita hadi tisa, malazi na chakula juu yao, lakini dari ni fupi na sakafu inayumba. Watakudai cheti cha afya na mafunzo ya usalama baharini.

Kwa walio tayari kabisa kuna mashindano: Festival Mondial du Cirque de Demain jijini Paris, la vijana, lililoanza 1977, na lile la Monte Carlo, lililoanza 1974. Hata bila kushinda, waajiri wamekaa pale kwenye viti.

Usitegemee mwajiri mmoja, hata awe mkubwa vipi. Machi 2020 Cirque du Soleil ilisimamisha maonyesho yake kwa sababu ya korona na kuachisha kazi asilimia 95 ya wafanyakazi wake. Watu waliokuwa na mikataba ya miaka walijikuta nyumbani kwa wazazi.

Hatua ya 8: Soma mkataba, kisha usome tena

Hapa ndipo vijana wetu wengi huumia zaidi kuliko juu. Nimewaona waliorudi baada ya mwaka mzima nje wakiwa na simu mpya na deni la tiketi.

Mkataba uwe kwa maandishi na ufike mikononi mwako kabla ya pasi kupelekwa ubalozini. Tafuta majibu ya haya: maonyesho mangapi kwa wiki (onyesho kubwa linaweza kufika kumi), malipo ni kwa wiki au kwa onyesho, na maonyesho yakifutwa na mwajiri unalipwa au hulipwi, wakala anakata kiasi gani, nani analipa tiketi ya kurudi mkiachana kabla ya muda. Kisha swali la mtu wa angani: bima inataja sarakasi za angani kwa jina, au ni bima ya safari ya kawaida? Bima ya kawaida mara nyingi huzitoa kazi za hatari kwa sentensi moja ndogo ukurasa wa mwisho. Uliza pia riga ni nani. Kampuni isiyo na jibu la swali hilo haina riga.

Visa haina njia ya mkato. Kwa Marekani, mwajiri au wakala wa huko ndiye anayewasilisha maombi ya P-1B ya vikundi vinavyotambulika kimataifa. Huwezi kujiombea mwenyewe. Uingereza inataka hati ya udhamini kutoka kwa mwajiri mwenye leseni. Anayekuambia "nenda na ya utalii, tutairekebisha huko" anakuweka wewe kwenye hatari, yeye hayumo. Pasi inakaa mfukoni mwako, hata bosi akisema anaihifadhi kwa usalama.

Tanzania, pitia BASATA, baraza la sanaa la taifa, upate usajili na kibali cha kufanya kazi nje. Zanzibar baraza hilo ni BASSFU. Kenya, mthibitishe kwanza wakala wa ajira kwa National Employment Authority. Acha nakala ya mkataba kwa ndugu mmoja anayejua kusoma maandishi madogo, na anwani ya ubalozi wetu wa huko unakokwenda.

Hatua ya 9: Linda mabega, na anza mapema kazi itakayofuata

Alfredo Codona, mume wa yule Leitzel na mrukaji aliyesifika kwa kupinduka mara tatu hewani, aliacha kazi mwaka 1933 kwa sababu ya bega. Bega ndilo linalowastaafisha wengi. Maumivu ya misuli ya siku mbili ni ya kawaida. Maumivu yanayokuamsha usiku ukilalia upande ule, au ganzi inayoshuka hadi vidoleni, si ya kuchuliwa na mafuta. Muone mtaalamu wa viungo na useme ukweli kuhusu kazi yako. Ukiwa huna onyesho, fanya mazoezi ya kusukuma kwa wingi kama ya kuvuta, maana angani tunavuta tu.

Wengi huanza kupunguza katika miaka ya thelathini. Wengine hufika arobaini na zaidi kwa kubadili kipande kiwe cha utulivu kuliko cha kujidondosha. Ualimu ndio mlango unaofikiriwa kwanza, na unahitajika sana huku kwetu. Lakini ningekuwa na kijana wa miaka 25 mbele yangu ningemsukuma kwenye kufunga. Mariga waliofunzwa ni wachache Afrika Mashariki, na majukwaa ya muziki, viwanja na kumbi za mikutano vinawahitaji kuliko sarakasi. Marekani kuna vyeti vya mariga vinavyoitwa ETCP. Kwa kazi za kamba kwenye majengo marefu na mitambo ya mafuta kuna vyeti vya IRATA vyenye ngazi tatu, na kutoka ngazi moja hadi nyingine unatakiwa uwe na miezi 12 na saa 1,000 za kazi zilizoandikwa kwenye daftari na kusainiwa. Ukiwa bado unapanda, muombe riga wa onyesho akuruhusu kufika saa mbili mapema, umshikie kamba na kuuliza maswali. Kozi ya ngazi ya kwanza ya IRATA huchukua siku nne na ya tano ni mtihani. Ilipe ukiwa bado una mkataba unaokuingizia pesa.